Valvu Nzito: Kabla Hujatia Tone Jingine la Mafuta

Walimu wa vikundi, viongozi wa bendi, na ninyi wapigaji mliopakata vyombo vyenu: asanteni kwa kufika na tarumbeta zenyewe, maana somo hili halifundishiki kwa mikono mitupu.

Jambo la leo mnalijua. Unabonyeza valvu, inashuka. Unaachia, inapanda kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Katika wimbo wa taratibu wa ibada unaweza kuficha. Lakini bwana na bibi harusi wakishaingia ukumbini na mwendo ukachanganya, hakuna pa kujificha: pumzi ya noti inayofuata imeshatoka, valvu ya noti iliyopita bado iko njiani, na kinachosikika ni sauti iliyobanwa koo.

Nitazungumzia hasa valvu za pistoni, zile zinazobonyezwa kwenda chini, kwa sababu ndizo zilizo kwenye vyombo vingi ninavyoviona mbele yangu. Zile za kuzunguka nitazigusa baadaye kidogo, kwa ajili ya vikundi vya makanisa vilivyorithi utaratibu wa matarumbeta kutoka kwa Wajerumani na bado vina vyombo vya namna hiyo.

Tuanze na nafasi. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa kama milimita 0.07. Nafasi iliyopo kati ya pistoni isiyolika na silinda yake, yaani bomba inamopandia na kushukia, ukijumlisha pande zote mbili, huwa kati ya milimita 0.03 na 0.05. Maana yake unywele haupiti. Uzi mmoja wa kitambaa haupiti. Chembe ya vumbi la barabarani, lile linalowapata mkiwa nyuma ya pikapu mnausindikiza msafara wa harusi, haipiti pia. Inabaki pale ikikwangua. Na ndani ya nafasi hiyohiyo lazima ukae utando wa mafuta. Ukiielewa namba hiyo, utaelewa kwa nini kitu kidogo sana kinatosha kuifanya valvu iwe nzito, na kwa nini mtu anayeingiza msasa mle ndani anafanya kosa lisilorudishika.

Sasa, katika valvu nzito zinazofikishwa kwa fundi, nyingi hazina ubovu wowote. Ni chafu. Uchafu wenyewe una tabaka. Kuna mate, ambayo yana madini. Yakikauka yanaacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Kuna sukari: ukinywa soda au chai ya maziwa kisha ukapuliza bila kusukutua, sukari hiyo inasafiri na mate mpaka kwenye valvu, na ikikauka ni gundi. Kuna kutu ya kijani ya shaba. Na kuna mafuta ya zamani yaliyokwisha kuwa lami. Mpigaji akiona valvu imegoma anatia mafuta mapya juu ya hayo yote. Inakwenda vizuri kwa dakika kumi, kwa sababu mafuta mapya yamelainisha lami. Kisha inagoma vibaya kuliko mwanzo. Anatia tena. Chupa inakwisha, na valvu ni ileile.

Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, safisha. Nitaeleza polepole, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaporuka hatua.

Tandika taulo mezani. Fungua kofia ya juu ya valvu ya kwanza, vuta pistoni moja kwa moja kwenda juu bila kuipindisha, ilaze kwenye taulo. Fungua na kofia ya chini. Fanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, ukizipanga kwa mpangilio wake. Kila pistoni ina namba iliyogongwa mwilini, 1, 2 au 3, na haibadilishani nafasi na mwenzake hata kama inaingia. Tundu zake zimetobolewa mahali tofauti. Ukiweka ya kwanza kwenye nyumba ya tatu utapuliza mpaka mishipa ya shingo isimame na hewa haitatoka. Pistoni ikianguka sakafuni, hasa sakafu ya saruji, hesabu kwamba umeanza safari ya kwenda kwa fundi. Ukuta wake ni mwembamba.

Toa vitambaa vya felti na vipande vya koki kama vinatoka kirahisi, haifai vilowe. Kama vimekaza, acha vilivyo na uoshe sehemu ya chuma peke yake, ukiishika pistoni kwa juu.

Maji yawe ya vuguvugu, kiasi cha kuweka mkono ukakaa bila kuuondoa. Maji ya moto yanabambua vanishi ya tarumbeta, na ikishabambuka huirudishi kwa sabuni. Weka matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo kwenye beseni. Mwili wa tarumbeta, ukishatoa valvu zote na mabomba yote ya kuvuta, uloweke dakika 15 hadi 20. Pitisha brashi ndefu ya waya laini yenye manyoya mwishoni ndani ya bomba la kupulizia, kwa sababu takataka zilizo humo ndizo kesho zitakuwa ndani ya valvu. Mtu anayesafisha pistoni tu na kuliacha bomba hilo amefagia sebule na kuacha mlango wazi upepo ukivuma.

Silinda zinahitaji kitambaa, si brashi pekee. Chukua fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, maana mpya inatoa nyuzi. Ikate kipande, kizungushie kijiti cha mbao laini, na hakikisha ncha ya kijiti imefunikwa kabisa. Pitisha juu chini huku ukizungusha, mara kadhaa, ukibadilisha upande wa kitambaa. Kikitoka cheusi, endelea. Kikitoka kama kilivyoingia, umemaliza. Suuza kila kitu kwa maji safi mara mbili na ukaushe. Mkiwa mahali ambapo maji ya kisima ni ya chumvi, suuzeni mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Maji ya chumvi yakikauka yanaacha ukoko uleule mliokuwa mnauondoa.

Ukoko mweupe ukikataa kutoka kwa sabuni, siki nyeupe inafanya kazi. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, loweka sehemu ya chuma ya pistoni dakika 10, si usiku kucha, kisha suuza sana. Siki ikikaa muda mrefu inaitafuna zinki iliyomo kwenye shaba na kuacha madoa ya waridi. Na kama pistoni yako imepakwa nikeli na nikeli imeanza kubanduka, usitumie siki kabisa. Itaingia chini ya ganda na kulimalizia.

Sasa mafuta. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jikoni na gereji zimeua valvu nyingi kuliko vumbi.

Mafuta ya valvu ni mepesi sana, karibu kama maji. Mafuta ya kupikia ni mazito na yanageuka gundi yakikutana na hewa kwa siku kadhaa. Mafuta ya nazi yana ujanja wake: Tanga au Mombasa mchana yanaonekana sawa, lakini yanaganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi. Yapeleke Lushoto au Njombe kwenye ibada ya asubuhi, valvu zitasimama kama zimepigiliwa misumari. Mafuta ya injini ni mazito mno. Mafuta ya kujipaka hata tusiyajadili. Mafuta ya cherehani yana nafuu lakini bado ni mazito kwa pistoni iliyobana. Mahali pake nitapataja.

Mnauliza juu ya mafuta ya taa, najua. Ni kweli kwamba mafuta mengi ya valvu ya asili ya petroli ni ndugu wa mafuta ya taa yaliyosafishwa zaidi, na ni kweli pistoni itakimbia ukiyatia. Tatizo ni kwamba yanakauka haraka, harufu yake unaivuta kila ukipumua kwa mdomo, na hayaachi utando wa kutosha kuzuia chuma kisisage chuma. Yatumie kama dawa ya kuondolea lami ya mafuta ya zamani wakati wa kusafisha, mbali na jiko na sigara, halafu uoshe kwa sabuni. Kupigia, nunua chupa ya mafuta ya valvu. Chupa moja ya mililita 50 inamtosha mpigaji mmoja miezi mingi akitumia kwa kipimo.

Kipimo ni matone matatu hadi matano kwa pistoni. Vuta pistoni nusu, dondoshea kuizunguka, irudishe, izungushe kidogo mpaka usikie au uhisi kijino chake kikiingia kwenye mfereji wake. Kwenye tarumbeta nyingi namba iliyogongwa itakuwa inatazama upande wa kupulizia. Usilazimishe. Fungia kofia kwa vidole viwili tu. Na kabla hujaikaza, izungushe kwanza kinyume mpaka isikike ikidondoka kidogo, tak, ndipo uifunge. Hapo nyuzi zake za skrubu zimekutana sawasawa. Wanaotia mafuta kupitia tundu la kofia ya chini waache. Takataka zote zimetuama pale chini, na mafuta yanazibeba kuzirudisha juu.

Ukibadilisha kutoka mafuta ya asili ya petroli kwenda yale ya kutengenezwa maabara, safisha kabisa katikati. Yote mawili ni mazuri, lakini yakichanganyika mengine hushikana na kuwa mazito. Na angalieni grisi ya mabomba ya kutyuni. Ukiipaka nyingi kisha ukasukuma bomba ndani, ile ya ziada inasukumwa moja kwa moja mpaka kwenye valvu. Paka kidogo, ingiza, futa iliyojikusanya, ingiza tena.

Tuseme umesafisha hivyo, umetia mafuta sahihi, na valvu bado ni nzito. Sasa ndipo tunatafuta ubovu, na tunaanza na usiogharimu kitu.

Legeza kofia ya chini mizunguko miwili na ujaribu valvu. Ikiruka kama mpya, mgonjwa ni kofia. Kofia nyingi za chini zina tundu dogo katikati, na kazi yake ni kupumulia: pistoni ikishuka inasukuma hewa nje, ikipanda inaivuta ndani. Tundu likiziba, hewa inabanwa chini na pistoni inapanda kwa kung'ang'ania. Zibua kwa kijiti cha kuchokolea meno. Ni jambo dogo hata linatia aibu kulisema mbele ya watu, lakini kuna tarumbeta zimebadilishwa springi zote tatu kwa sababu ya tundu hilo.

Kisha kitufe cha kidole. Kibonyeze polepole ukikitazama kwa jicho lililo usawa wake. Kikiyumba au kikielemea upande, fimbo yake imepinda na inaivuta pistoni iguse ukuta. Hapo pia tazama mkono. Kidole kilicholala na kuvuta kuelekea kwako kinafanya kosa lilelile ambalo fimbo iliyopinda inafanya. Mwalimu, kabla hujaandika kwamba chombo kibovu, mpe mwanafunzi mwingine akipige.

Springi zinafuata. Zitoe zote tatu uzisimamishe mezani pamoja. Zinatakiwa kulingana urefu. Ili kujua ipi imechoka, simamisha moja juu ya nyingine, zibane kati ya viganja. Inayojikunja zaidi ndiyo dhaifu. Tazama kama kuna iliyoinama, maana springi iliyoinama inakwangua ukuta wa chumba chake, na utaisikia ikilia kwa sauti nyembamba kama panya. Kuivuta ili irefuke ni msaada wa siku moja, wa kumalizia shughuli. Inarefuka bila usawa na baada ya wiki inarudi palepale au inaanza kuinama. Badilisha zote tatu kwa pamoja, za aina ya chombo chako. Sipendi ushauri wa kuweka springi ngumu zaidi ili ishinde uzito. Inashinda kweli, kwa mwezi mmoja, huku uchafu ukiendelea kusaga shaba na kidole cha tatu kikichoka.

Kijino cha mwongozo, kile kinachoizuia pistoni isizunguke, huwa cha plastiki au cha shaba. Cha plastiki kikilika, pistoni inacheza kushoto na kulia na wakati mwingine inakwama njiani. Ukitoa pistoni utaona kingo zake zimeota vinyweleo au zimekuwa mviringo. Kipya ni bei ndogo, lakini lazima kilingane na mfereji. Usikichonge kutoka kwenye kile cha chombo kingine bila kujua unafanya nini.

Felti zilizoliwa hazileti uzito, zinaleta kelele na kuhamisha tundu zisikutane na mabomba, kwa hiyo sauti inakuwa finyu. Msiweke kipande cha kandambili badala yake.

Baada ya hapo tunabaki na chuma chenyewe. Toa springi na kijino, tia tone moja la mafuta, shika pistoni safi kwa fimbo yake uishushe polepole huku ukiizungusha. Ikiteleza mpaka chini bila kukwaruza, chuma ni kizima na tatizo liko kwenye vile vitu tulivyokwisha kuvitaja. Ikikwama kila mara kwenye kina kilekile, kuna pigo, yaani bonyeo, kwenye silinda. Itoe uiangalie kwenye mwanga: mahali inapogusa patakuwa na alama inayong'aa kuliko pengine. Mara nyingi ni valvu ya pili, na sababu inajulikana. Bomba lake fupi limechomoza ubavuni, na tarumbeta ikilazwa kwa upande huo, au ikisafirishwa kwa bodaboda ndani ya mfuko wa turubai, pigo lolote kwenye bomba hilo linaingia moja kwa moja kwenye ukuta wa silinda. Laza tarumbeta daima bomba la valvu ya pili likitazama juu.

Pigo la namna hiyo si kazi ya nyumbani. Fundi ana vyuma vya mviringo vya kipimo kamili vya kurudishia silinda, na unga laini mno wa kusagia anaoutumia kwa hesabu. Nyumbani tunaona msasa, tunaona dawa ya meno, tunaona Brasso. Brasso ni ya kung'arishia shaba ya nje, na inang'arisha kwa sababu ina chembe zinazokwangua. Dawa ya meno ni vilevile. Valvu itakwenda haraka siku hiyo, sikatai, kwa sababu umeipanua nafasi. Ile 0.04 imekuwa 0.08, na sasa hewa inavuja. Kipimo chake hiki: bila kubonyeza valvu ya kwanza, vuta bomba lake nje sentimita mbili, hesabu mpaka kumi, kisha bonyeza. Valvu nzima italia po! Ikiwa kimya, hewa imeshapenya zamani. Valvu kama hiyo isaidie kwa mafuta mazito kidogo yanayouzwa kwa ajili ya valvu zilizochakaa. Kuirudisha upya kunataka pistoni ipakwe madini tena na kusagwa ilingane na silinda yake, na gharama yake mara nyingi inazidi bei ya tarumbeta ya mwanafunzi.

Pistoni iliyoganda kabisa isigongwe kwa mti kutoka chini. Ndani ya pistoni kuna njia za hewa zenye kuta nyembamba, ukizibonyeza hazirudi. Toa bomba la valvu hiyo, dondoshea mafuta kupitia matundu yake, iache usiku mzima, asubuhi ifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu, kisha vuta kwa mkono. Kofia iliyoganda ishike kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Plaizi ibaki gereji.

Nirudi kwa valvu za kuzunguka. Hizo huzitoi kila wiki. Mafuta mepesi matone matatu kupitia bomba la kuvuta, kisha zungusha chombo yafike ndani. Chini ya kofia ya nyuma kuna ncha ya mhimili: tone moja la mafuta mazito zaidi, na hapa ndipo mafuta ya cherehani yanapofaa, pamoja na kwenye viungio vya vibonyezo. Uzi unaounganisha kibonyezo na valvu ukikatika, fungeni uzi wa kuvulia samaki uliosokotwa; ule wa nailoni wa mshipi mmoja unateleza kwenye fundo.

Vyombo vipya vya bei nafuu vioshwe kabla ya kupigwa mara ya kwanza, kwa utaratibu ule wote wa beseni. Mara nyingi vinatoka kiwandani na unga wa kusagia umebaki ndani, na mwezi wa kwanza pistoni zifutwe kila siku kabla ya mafuta. Baada ya hapo, futa kila wiki, osha chombo kizima kila mwezi au miwili kutegemea mnapiga mara ngapi. Na maji ya kusukutua yawepo karibu na kreti la soda.

Sasa kila mmoja afungue kofia ya juu ya valvu ya pili. Ya pili, si ya kwanza. Vuta moja kwa moja, ilaze kwenye taulo, na unionyeshe rangi ya kitambaa baada ya kuifuta. Wenye tuba sogeeni huku mbele, pistoni zenu zinahitaji watu wawili.